Tetemeko la Saa Nne na Nusu

Jumatatu, tarehe 22 Agosti 1977, Inspekta Mfaume alipanda kilima cha Kisarawe kwa miguu. Landrova ya kituo ilikuwa haina petroli tangu Jumamosi, na lori lililompa lifti liliishia sokoni. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani. Koo lilikuwa limemkauka, na kwapani alibana jalada moja jembamba.

Jalada lilikuwa na maneno machache. Mashaka Saburi, miaka arobaini na mmoja, mchimba visima, mkazi wa kijiji cha Mwanzo Mgumu, upande wa Dutumi. Ijumaa asubuhi alikuwa ndani ya kisima kipya cha kijiji, futi thelathini na nne chini, udongo ulipomporomokea. Walimtoa alasiri, akiwa maiti. Mashahidi walikuwa watano, na wote watano walitumia neno moja: tetemeko. Redio nayo ilikuwa imewaunga mkono. Taarifa ya habari ya saa saba mchana, Ijumaa ile ile, ilitangaza tetemeko kubwa la ardhi huko Indonesia.

"Kazi ya Mungu," mkuu wake wa kituo alisema alipolisoma. "Lifunge kabla ya Jumatano."

Mfaume hakulifunga. Ijumaa ile, saa nne na nusu, alikuwa mahali paitwapo Kwa Mathias, ndani ya duka, akiandika maelezo ya baiskeli iliyoibwa. Nyuma ya mwenye duka palikuwa na rafu ya chupa za mafuta ya taa zilizopangwa zikikaribiana. Hazikugongana. Yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Tetemeko la kuua mtu Dutumi lisiloweza kutikisa chupa Kwa Mathias lilimpa shida kuliamini.

Chumba cha kupimia matetemeko alichokuwa anakitafuta kilikuwa nusu kimezikwa kilimani, kuta nene, mlango wa chuma. Mwanamke aliyemfungulia alikuwa na masizi mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Laurensia Mbawala," alijitambulisha. "Samahani, siwezi kukupa mkono. Unataka kuhifadhi mahindi?"

"Mahindi?"

"Kila anayekuja huku anauliza kama chumba hiki kinafaa kuwekwa mahindi. Miaka mitano nilisoma mambo ya miamba huko Bukaresti, na mitatu nimeketi hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mashine zinasema nini."

"Mimi nimekuja kuuliza hilo," Mfaume alisema. "Ijumaa asubuhi."

Laurensia alimtazama kidogo, kisha akafuta mikono kwenye kanga kuukuu iliyotundikwa mlangoni na kumwingiza ndani. Palikuwa na ngoma mbili za chuma zilizozunguka polepole, kila moja imevishwa karatasi nyeusi ya masizi, na juu ya kila karatasi sindano nyembamba ikikwangua mstari mweupe. Kila baada ya dakika moja saa ya ukutani iliigusa sindano, nayo ikaweka alama ndogo.

Karatasi za Ijumaa alizitandaza mezani.

"Hili ndilo lililotangazwa redioni," alisema, akionyesha mahali ambapo mistari ilivurugika kama nywele zisizochanwa. "Ardhi tunayoikanyaga ni ganda tu, Inspekta, tena ganda lenyewe limekatika mabamba. Chini yake kuna mwamba wenye joto mno, unene wa maelfu ya kilomita. Tunauita koti. Si uji, kama watu wanavyodhani. Ni mwamba, ila kwa miaka mingi unajongea, na mabamba yanajongea nao. Kule Indonesia bamba la chini ya bahari linapinda na kuingia chini ya jingine. Linazama kwenye koti, sentimita chache kwa mwaka. Mara linakwama, kisha linaachia ghafla. Mara mgongo wake unapasuka pale pale linapopinda. Kwa hesabu yangu, Ijumaa lilivunjika saa tatu na dakika nane. Mtikisiko ukapita ndani ya koti na kutokea hapa saa tatu na dakika ishirini."

"Kwa hiyo tetemeko lilifika Tanzania."

"Lilifika. Lilipofika, nilikuwa na kikombe cha chai juu ya meza hii. Hakikumwaga hata tone. Ardhi ilipanda na kushuka polepole mno, mwili wa binadamu hauwezi kujua. Mashine tu ndiyo inayojua."

"Haliwezi kubomoa kisima?"

"Haliwezi kuamsha mtoto."

Mfaume alifungua jalada. "Kisima kilianguka kengele ya mapumziko ya shule ilipokuwa inagongwa. Mwalimu anagonga kwa saa ya mkononi. Saa nne na nusu."

Laurensia alivuta karatasi ya ngoma ya pili, ile ya mitikisiko ya haraka, akahesabu alama za dakika kwa ncha ya penseli. Alihesabu tena. Halafu akampa kioo cha kukuzia.

Palikuwa na mchomo mmoja mkali, umesimama peke yake kama mwiba. Baada yake, karibu sana, mwingine dhaifu.

"Saa nne na dakika thelathini na moja," Laurensia alisema. "Niliuona siku ile ile. Nikaandika pembeni: baruti. Tazama ulivyoanza. Sindano imepanda juu moja kwa moja. Baruti inasukuma ardhi kwenda nje pande zote, ndiyo maana. Na tazama nafasi kati ya mwiba wa kwanza na wa pili. Kuna mawimbi mawili, moja lina mbio kuliko jingine. Yanavyozidi kutoka mbali ndivyo yanavyoachana. Hapa yameachana sekunde sita. Kila sekunde ni kama kilomita nane."

"Kilomita arobaini na nane."

Alikuwa tayari ameshika bikari. Alichoma ncha Kisarawe kwenye ramani ya ukutani na kuzungusha. Duara lilikata bahari, likapita porini, likarudi kupitia Dutumi.

"Mashine moja inanipa umbali, hainipi upande," alionya. "Popote kwenye duara hili."

Mfaume aliufuata mstari kwa kidole. Nchi kavu ulipita kwenye mashamba, misitu na vijiji vya ujamaa. Mahali pamoja tu palikuwa na watu wenye ruhusa ya kushika baruti: machimbo ya mawe ya Kilima Pembe, hatua mia nne kutoka kisima cha Mwanzo Mgumu.

"Utaniandikia haya na kusaini?"

"Nitaandika," Laurensia alisema. "Nitakuja na kusimama mbele ya yeyote unayemtaka."

*

Salumu Kirobo, meneja wa Kilima Pembe, alimpokea Jumanne asubuhi kwenye kibanda cha mabati. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi vizuri kuliko kitu chochote kilichokuwa pale.

"Ijumaa hatukulipua, Inspekta. Mara ya mwisho ni Jumanne iliyopita. Watu wamefunga, hawana nguvu."

"Nikazunguke?"

"Zunguka. Machimbo ni ya wananchi."

Mfaume alizunguka. Ukuta wa mwamba wa zamani ulikuwa umeiva kwa jua na moshi wa malori. Upande wa kusini ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Hilo peke yake halikutosha, kwa kuwa jiwe lililovunjwa Jumanne na lililovunjwa Ijumaa linafanana. Akaenda kwenye vichaka vilivyokuwa chini ya ukuta ule, akachuma jani, akalipangusa kwa kidole. Vumbi jeupe, zito, kavu. Akachuma la pili na la tatu. Yote yalikuwa vile vile. Aliyafunga ndani ya karatasi na kurudi kibandani.

"Alhamisi usiku mvua ilinyesha huku," alisema.

"Manyunyu tu."

"Manyunyu yaliyolowesha mahindi ya watu uwanjani, Mwenyekiti wa kijiji ameniambia. Vumbi la Jumanne lingekuwa limeshaoshwa. Hili limeanguka baada ya Alhamisi."

Salumu alitabasamu. "Malori yanatimua vumbi, Inspekta."

"Vumbi la barabara yenu ni jekundu."

Meneja aliita mtu wa kumletea Inspekta orodha ya wafanyakazi, kisha akasema ana safari ya Dar es Salaam na akaingia kwenye gari.

Fundi baruti alikuwa mmoja. Isihaka Mwinyimadi, miaka thelathini, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekatika zamani. Mfaume alimketisha kwenye kivuli cha tangi la maji na kumwekea mbele ile barua ya Laurensia.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

Isihaka alisoma polepole. Alipofika kwenye saa nne na dakika thelathini na moja alirudi nyuma, akasoma tena.

"Mashine iko Kisarawe?"

"Kisarawe."

"Inasikia mpaka huku?"

"Imekusikia."

Isihaka aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile na kumrudishia. Midomo yake ilikuwa na weupe wa mtu aliyefunga.

"Marehemu alikuwa shemeji yangu," alisema. "Amemwoa dada yangu, Sikuzani. Kula yangu ilikuwa kwao."

"Endelea."

"Tuna mapatano na kijiji. Mashaka akiwa kisimani, sisi tunagonga reli mara tatu, tunangoja atoke, anapunga kitambaa, ndipo nawasha utambi. Ijumaa malori kumi yalikuwa yamepanga foleni. Meneja alitaka yawe yameondoka kabla ya swala. Nikamwambia nakwenda kugonga reli. Akasema usigonge, unatupotezea muda, nimeshatuma mtu, Mashaka ametoka. Piga."

"Alimtuma nani?"

"Sikuuliza."

"Ulikiona kitambaa?"

Isihaka alitikisa kichwa.

"Kwa nini uliwasha?"

"Alisema ametuma mtu, afande. Meneja." Alisema neno lile kana kwamba lilikuwa jibu kamili, halafu akaona kuwa halikuwa. "Mlipuko ulipokwisha nikasikia watoto wa shule wanapiga kelele. Nilidhani ni za mapumziko."

Mfaume aliandika yote. Aliwahoji madereva wawili waliokuwa wamebaki. Mmoja alisema alikuwa amelala chini ya lori. Wa pili alisema hakumbuki kama ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyekuwa amesikia meneja akitoa amri. Jioni ile Isihaka alipanda Landrova iliyokuwa imepata petroli, bila pingu, akaketi nyuma peke yake.

*

"Kazi nzuri," mkuu wa kituo alisema Jumatano. "Mshtakiwa amekiri. Peleka."

"Meneja ndiye aliyetoa amri."

"Nani anasema?"

"Isihaka."

"Mshtakiwa," mkuu alisema. "Mshtakiwa anasema. Nani mwingine?"

"Nitamtafuta."

"Meneja amehamishiwa makao makuu tangu jana. Wamempandisha. Tafuta upesi."

Mfaume alirudi Mwanzo Mgumu siku hiyo hiyo. Alichukua karatasi ya mashahidi watano na kuwapitia mmoja mmoja, akimuuliza kila mtu swali moja: neno tetemeko umelisikia kwanza kwa nani? Wanne walisema redioni. Wa tano alikuwa Sikuzani, mjane. Konstebo ndiye aliyeandika maelezo yake Jumamosi, na Mfaume hakuwa amewahi kumwona.

Hata siku ile hakumwona. Alikuwa ndani, amekaa eda. Shangazi yake, Mwanakheri, alikuwa amejilaza kwenye mkeka kizingitini, na mlangoni palikuwa na pazia la shuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sema kutokea hapo hapo. Anakusikia."

Mfaume aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa," sauti ilisema ndani. "Isihaka amekula daku?"

"Amekula."

"Mmempiga?"

"Hakupigwa na hatapigwa."

Mfaume akauliza lile swali lake.

"Wewe umeshajua kuwa si tetemeko," Sikuzani alisema. "Unanitakia nini?"

"Nataka kujua nani alikufundisha kulisema."

"Nilisikia mlio. Kila mtu hapa alisikia mlio, tumezoea milio ya Kilima Pembe. Halafu nikasikia kelele kisimani. Nikajua saa ile ile, mlio ule ni wa nani. Mikono ya kuwasha ni ya kaka yangu, hakuna mwingine. Nikakimbia. Watu wanachimba kwa majembe, kwa sufuria. Meneja akaja na gari. Jua lilikuwa utosini, muadhini alikuwa hajaadhini. Akanivuta pembeni, akasema, dada, ardhi imetetemeka, hii ni kazi ya Mungu. Ukisema vinginevyo utamzika mume na utamfunga kaka."

Mfaume aliacha kuandika. "Muadhini alikuwa hajaadhini? Una hakika?"

"Aliadhini wakati bado ananishika mkono."

"Na redio ilitangaza saa saba."

"Nilisikia wanasema redio imetangaza. Nikashangaa. Nikasema, kumbe uongo wa mtu huyu hata redio inausema."

Mfaume alihesabu akiwa ameketi pale pale juu ya kinu. Kabla ya saa saba hakuna mtu kijijini aliyeweza kujua habari za Indonesia. Salumu Kirobo alikuwa ametunga tetemeko lake mwenyewe kichwani, saa sita, kando ya kisima chenye mtu ndani. Bamba la upande wa pili wa bahari lilikuwa limevunjika asubuhi ile ile na kumpa ushahidi ambao hakuutarajia. Mtu asiyejua nini kimeangusha kisima hana haja ya kutunga. Yeye alijua.

"Mama," alisema, "maneno hayo ukiyasaini, meneja ataitwa."

Shangazi aliinua kichwa kutoka mkekani. "Na Isihaka?"

"Isihaka ameshakiri."

"Nikisaini, ataachiwa?" Sikuzani aliuliza.

"Siwezi kukuahidi hilo. Maneno yako yatathibitisha kuwa ni baruti. Lakini hatasimama peke yake."

Alingoja. Ndani palikuwa na mlio wa kitanda cha kamba, halafu hatua.

"Lete kalamu. Nimesoma darasa la watu wazima mwaka juzi. Sitii dole gumba."

Mfaume alipitisha karatasi na kalamu chini ya pazia. Aliona mkono tu, wenye makovu ya jembe na kucha zilizokatwa fupi. Uliandika jina herufi moja moja, ukibonyeza sana, mpaka wino ukatokeza upande wa pili wa karatasi. Ulikuwa ukurasa wa saba wa jalada. Mfaume alikuwa ameiwekea kaboni chini tangu alipoanza kuandika, akabaki na nakala.

*

Kesi ilisikilizwa Januari. Laurensia alikuja na karatasi zake za masizi zilizopakwa vanishi, amezifunga kwenye kitambaa. Alieleza kwa utulivu jinsi bamba linavyozama, jinsi wimbi linavyopita, na kwa nini mwiba wa saa nne na dakika thelathini na moja haukutoka Indonesia. Hakimu alimwelewa vizuri. Ushahidi wake ndio uliomaliza shaka zote kuwa baruti ililipuliwa.

"Naomba kuuliza," alisema alipomaliza. "Aliyeagiza yuko wapi?"

"Shahidi hujibu maswali," hakimu alisema. "Haulizi."

Aliyeagiza alikuwa nje, kwenye benchi. Aliitwa baadaye, shahidi wa nne wa upande wa mashtaka. Salumu Kirobo aliieleza mahakama kanuni za usalama za machimbo: kugonga reli mara tatu, kungoja, kuona kitambaa. Alisikitika kuwa fundi wake hakuzifuata. Kuhusu tetemeko, alisema naye alidanganyika kama wananchi wengine, kwa sababu ya redio.

Mfaume alimfuata mwendesha mashtaka wakati wa mapumziko.

"Umemwuliza habari ya ukurasa wa saba?"

"Jalada lina kurasa sita."

Mfaume alitoa nakala mfukoni. Mwendesha mashtaka aliisoma yote, mpaka chini, na masikio yakamwiva. Kisha akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Haina muhuri. Saini ni ya kaboni. Nikiitoa hii wataniuliza ya asili iko wapi, na wewe utaulizwa aliyeipoteza ni nani. Utamtaja mkuu wako aliyelipitisha jalada?"

"Nitamtaja."

"Ulimwona akiitoa?"

Mfaume hakuwa amemwona.

"Mama mwenyewe yupo," alisema. "Eda imekwisha. Mwite."

"Hayumo kwenye orodha ya mashahidi. Orodha imefungwa Novemba." Alimrudishia karatasi. "Samahani, ndugu yangu. Kweli samahani."

Isihaka Mwinyimadi alihukumiwa miaka minne. Alipoulizwa kama ana la kusema alijibu hana. Askari walipomshika alijaribu kugeuka nyuma kutafuta uso wa dada yake, lakini mlango ulikuwa mwembamba na wao walikuwa wawili.

Sikuzani alikuwa amesimama uani, kwenye jua. Mfaume ndiyo kwanza anamwona uso. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania kwa sauti.

"Afande," alisema, "sikumsikia mtu akilisoma jina langu. Nilikuwa dirishani tangu asubuhi. Walilisoma saa ngapi?"

"Hawakulisoma."

"Karatasi yangu?"

"Imetolewa kwenye jalada. Sijui na nani."

Alitazama barabarani, ambako gari jipya la Salumu Kirobo lilikuwa linageuza. Dereva alipiga honi mtu apishe, na Sikuzani akapisha.

"Basi kaka yangu nimemuuza bure," alisema.

Alijitanda kanga yake, akamwomba Mfaume amwonyeshe basi la Mlandizi linasimama upande gani, naye akamwonyesha.